Rubani wa kijeshi anapogeuka mwalimu: Cheo hufungua mlango, chuo hujengwa kwa mengine

KILA mwaka, majeshi ya wanahewa kote duniani huwaaga marubani ambao serikali zao zimetumia fedha nyingi kuwafunza. Wengi huondoka wangali na nguvu, kwa kuwa utumishi wa kijeshi hukoma mapema kuliko kazi nyingi za kiraia. Baadhi yao huajiriwa na mashirika ya ndege. Wengine hugeukia biashara, siasa au kilimo. Ni wachache wanaoelekea darasani, na wachache zaidi wanaopanda ngazi hadi kuongoza vyuo.

Hao wachache ndio wanaofaa kuchunguzwa kwa makini, hasa katika nchi kama Kenya ambako gharama ya kumfunza rubani mmoja wa ndege ya kivita hubebwa na mlipa ushuru. Swali ni hili: je, ujuzi huo huishia wapi siku afisa anapovua sare?

Historia ya usafiri wa angani inaonyesha kwamba rubani wa kijeshi anaweza kuwa mjenzi hodari wa elimu. Hata hivyo, inaonyesha pia kwamba anayefaulu si yule anayeingia chuoni akitarajia kupigiwa saluti. Anayefaulu ni yule anayetambua mapema kuwa chuo si kikosi, na kwamba wahadhiri, wanafunzi na wafadhili hawaongozwi kwa amri.

Mbinu zilizozaliwa jeshini

Elimu ya urubani, kama inavyojulikana leo, ina mizizi yake jeshini. Katika miaka ya kwanza ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilikuwa ikipoteza vijana wengi mafunzoni. Hapakuwa na utaratibu mmoja wa kufundisha, na kazi ya ualimu mara nyingi iliachiwa marubani waliokuwa wamechoshwa na mapigano.

Mabadiliko yaliletwa na Meja Robert Smith-Barry, rubani wa kivita aliyepewa nafasi ya kuunda shule katika mji wa Gosport, kusini mwa Uingereza, mwaka wa 1917. Badala ya kumwepusha mwanafunzi na miendo ya hatari, Smith-Barry alitaka afundishwe jinsi ndege inavyoingia hatarini na namna ya kuitoa humo. Alisisitiza matumizi ya ndege zenye usukani wa watu wawili. Ili mwalimu asikike juu ya kelele za injini, uliwekwa mrija wa kupitishia sauti kutoka kiti kimoja hadi kingine, na mrija huo ukabeba jina la mji wa Gosport kwa miaka mingi.

Mbinu ya pili ilitokana na msiba. Mnamo Oktoba 30, 1935, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka punde tu baada ya kupaa katika uwanja wa Wright Field, jimbo la Ohio, Marekani. Aliyekuwa akiiendesha, Meja Ployer Hill, hakuwa mwanagenzi. Alikuwa rubani mzoefu wa jeshi. Chanzo kilikuwa kidogo mno: kifaa cha kufunga usukani ndege inapokuwa imeegeshwa hakikuwa kimefunguliwa.

Jeshi lingeweza kuamua kwamba ndege hiyo ni ngumu kupita uwezo wa binadamu. Badala yake liliandaa karatasi yenye hatua ambazo rubani sharti azipitie moja baada ya nyingine, bila kutegemea kumbukumbu. Ndege hiyo ndiyo iliyokuja kuwa B-17, mojawapo ya ndege mashuhuri za Vita Vikuu vya Pili. Leo hii, mwanafunzi anayeanza masomo katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi huisoma orodha kama hiyo kabla ya kuwasha injini.

Mifano hii miwili inabainisha kile ambacho rubani wa kijeshi huja nacho darasani. Ushujaa si haba, lakini si huo unaohitajika zaidi. Kinachohitajika ni mazoea ya kugawa kazi ngumu katika hatua zinazofundishika, kumpima mwanafunzi katika kila hatua, na kuketi baada ya kila safari kuuliza ni wapi palipokosewa.

Kamanda aliyekijenga chuo

Mfano ulio wazi zaidi wa rubani wa kijeshi aliyepata maisha ya pili katika uongozi wa elimu ni Jack Hunt wa Jeshi la Wanamaji la Marekani.

Hunt hakuwa rubani wa ndege za mwendo wa kasi. Alirusha vyombo vikubwa vinavyoelea kwa gesi ya heli, ambavyo jeshi hilo lilivitumia kulinda doria juu ya bahari. Mnamo Machi 4, 1957, Kamanda Hunt na wenzake waliondoka South Weymouth, jimbo la Massachusetts, katika chombo kilichoitwa Snow Bird. Walivuka Atlantiki hadi karibu na Ureno, wakashuka kufuata pwani ya Afrika kaskazini magharibi, kisha wakavuka tena bahari hiyo na kutua Key West, Florida, Machi 15.

Walikuwa wamekaa angani saa 264 bila kuongeza mafuta, wakasafiri zaidi ya kilomita 15,000. Safari hiyo ilivunja rekodi za vyombo vya aina hiyo, na Hunt akatunukiwa tuzo ya Harmon na Rais Dwight Eisenhower.

Lakini sifa hizo hazikukinusuru chombo chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jeshi la Wanamaji lilifunga mpango wake wa vyombo hivyo. Ujuzi uliomletea Hunt heshima ya rais ukawa hauna soko. Hili ni jambo linalosahaulika katika mijadala kuhusu wastaafu wa jeshi: mara nyingi si umri pekee unaomwondoa rubani angani, bali pia kuzeeka kwa ndege anayoijua.

Mnamo 1963, Hunt alichukua uongozi wa taasisi ya Embry-Riddle mjini Miami. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1925 mjini Cincinnati, ikapotea katika miunganiko ya makampuni ya ndege, kisha ikafufuliwa Florida mwaka wa 1939 na kufunza maelfu ya marubani na mafundi wakati wa vita. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa shule ya ufundi yenye jina kubwa na uwezo mdogo. Ilikuwa imegeuzwa kuwa taasisi isiyo ya kibiashara mwaka wa 1961 pekee.

Hatua alizochukua Hunt zinafaa kuangaliwa moja moja, kwa sababu hakuna hata moja iliyohusu kurusha ndege.

Kwanza, alitafuta mahali. Mafunzo ya urukaji, masomo ya darasani na karakana za ufundi hayakuwa pamoja. Mnamo 1965 aliihamisha taasisi nzima hadi Daytona Beach, kando ya uwanja wa ndege, ili yote matatu yawe sehemu moja. Fedha za kuhama zilikuwa chache. Wakazi na wafanyabiashara wa mji huo walijitolea malori, nguvu na michango yao. Hapo kamanda hakutoa amri. Aliushawishi mji ambao haukumjua kwamba shule hiyo ingekuwa mali yao pia.

Pili, alitafuta kutambuliwa. Shule inayotoa leseni za urubani hutambuliwa na idara ya usafiri wa angani. Chuo kinachotoa shahada hupimwa na wasomi wenzake, kwa vigezo vya maktaba, wahadhiri, mitaala na utawala. Embry-Riddle ilipata ithibati hiyo mwaka wa 1968, na mnamo 1970 ikaitwa chuo kikuu. Ni miaka 7 tu iliyokuwa imepita tangu Hunt aingie ofisini.

Tatu, aliwafuata wanafunzi walikokuwa. Mnamo 1970 chuo hicho kilianza kufundisha katika kambi ya Fort Rucker, Alabama, kunakofunzwa marubani wa helikopta wa jeshi la nchi kavu. Wanajeshi waliokuwa na ujuzi mwingi na vyeti vichache waliweza kusomea shahada bila kuacha kazi. Kutokana na hatua hiyo kulizaliwa mtandao wa vituo vilivyoenea katika kambi nyingi za kijeshi. Mnamo 1978 lilifunguliwa bewa la pili, Prescott, katika jimbo la Arizona.

Hunt alifariki mwaka wa 1984, baada ya kuongoza kwa takriban miaka 20. Jengo lililopewa jina lake Daytona Beach halikuwa banda la ndege wala uwanja wa gwaride. Lilikuwa maktaba. Hakuna ushahidi bora wa jinsi kazi yake ya pili ilivyokuwa tofauti na ile ya kwanza.

Siku taasisi isipomhitaji tena mwanajeshi

Baada ya Hunt, chuo hicho kilimchagua tena mwanajeshi. Luteni Jenerali Kenneth Tallman wa Jeshi la Wanahewa la Marekani alianza kuongoza mnamo 1985. Tofauti na mtangulizi wake, Tallman alikuwa tayari ameonja uongozi wa elimu. Alikuwa mkuu wa chuo cha kuwafunza maafisa wa jeshi hilo, Colorado, kuanzia 1977 hadi 1981, na chini yake wanawake wa kwanza walihitimu hapo mwaka wa 1980.

Baada ya Tallman, uongozi ulipita mikononi mwa raia. Steven Sliwa, aliyeingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa mhandisi aliyewahi kufanya utafiti katika shirika la NASA. P. Barry Butler, aliyeanza kazi mwaka wa 2017, alikuwa mhandisi na msomi kutoka Chuo Kikuu cha Iowa.

Wapo wanaoweza kuyaona mabadiliko hayo kama dalili ya wanajeshi kukosa nafasi. Ukweli ni kinyume. Chuo kinapofikia hatua ya kuchagua kiongozi kwa misingi ya utafiti na usomi, ina maana kwamba waasisi wake waliovaa sare walifanya kazi yao vyema. Taasisi inayomhitaji jenerali milele ili isimame bado haijakomaa.

Mlango mmoja ulipofungwa

Si kila rubani wa kijeshi aliyeingia katika elimu alifanya hivyo kwa kupenda. Kwa Wamarekani weusi waliopigana Vita Vikuu vya Pili, elimu ilikuwa mojawapo ya milango michache iliyobaki wazi.

Roscoe Brown alikuwa miongoni mwa marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, jimbo la Alabama. Mnamo Machi 24, 1945, akisindikiza ndege za mabomu kuelekea Berlin, aliiangusha ndege ya Ujerumani aina ya Me 262, iliyokuwa na injini za jeti na kasi kuliko ndege yake. Hata hivyo, vita vilipokwisha, mashirika makubwa ya ndege ya Marekani hayakuwa yakiajiri marubani weusi, hata wawe na medali ngapi.

Brown alirudi masomoni. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha New York, akafundisha hapo na kuasisi kituo cha masomo ya Wamarekani weusi. Kuanzia 1977 hadi 1993 alikuwa rais wa Bronx Community College, chuo kinachohudumia vijana wa mtaa wa mapato ya chini. Alifariki mwaka wa 2016 akiwa na umri wa miaka 94.

Ubaguzi huo haukuisha wenyewe. Ilibidi Marlon Green, aliyekuwa kapteni wa jeshi la wanahewa, aishtaki Continental Airlines hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua kwa faida yake mwaka wa 1963. Kisa cha Brown ni fahari kwa elimu, lakini hakifichi hasara. Nchi ilimfunza rubani kwa gharama kubwa, kisha ikamnyima usukani kwa sababu ya rangi ya ngozi.

Saa za kijeshi na vitabu vya kiraia

Kuna kizuizi kingine kisichohusu rangi wala cheo. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa angani duniani, unasema wazi katika kifungu cha 3 kwamba hauhusu ndege za serikali, zikiwemo za kijeshi, za forodha na za polisi. Kwa maneno mengine, rubani wa kivita amefanya kazi maisha yake yote nje ya mfumo unaotoa leseni za kiraia.

Anapostaafu, sharti aingie katika mfumo huo kama wengine. Atafanya mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa na uelekezaji. Akitaka kufundisha, viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa angani, ICAO, vinamtaka asomee pia mbinu za kufundisha. Kujua kuruka pekee hakumpi mtu haki ya kuwa mwalimu.

Kila nchi huamua yenyewe uzito wa saa za kijeshi. Marekani imetoa jibu kwa tarakimu. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mnamo Februari 12, 2009, iliyoua watu 50, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kali mwaka wa 2010. Kanuni zilizoanza kutumika 2013 ziliweka saa 1,500 kuwa kiwango cha kawaida kwa rubani wa shirika la ndege. Lakini mwanajeshi aliruhusiwa kuomba leseni ya masharti akiwa na saa 750, naye mhitimu wa shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa akiwa na saa 1,000.

Tarakimu hizo zina ujumbe. Sheria inakiri kuwa saa si zote sawa. Saa moja chini ya mkufunzi mkali, katika mtaala uliopangwa, ina thamani kuliko saa moja ya kuzunguka juu ya shamba siku ya jua. Na mafunzo ya jeshi na ya chuo yamewekwa katika fungu moja, la mafunzo yenye utaratibu.

Hatari ya nidhamu bila swali

Hata hivyo, si kila kitu cha jeshini kinafaa kuhamishiwa darasani. Mfumo wa vyeo unaomwezesha kamanda kuongoza vitani unaweza kuua katika chumba cha rubani.

Mnamo Agosti 6, 1997, ndege ya Korean Air iligonga kilima katika kisiwa cha Guam na watu 228 wakafa. Nahodha alikuwa amewahi kuwa rubani wa jeshi la Korea Kusini. Wachunguzi wa Marekani walisema kuwa hakutekeleza ipasavyo hatua za kutua, na kwamba wasaidizi wake wawili hawakumfuatilia wala kumrekebisha inavyofaa.

Haitakuwa haki kulaumu jeshi peke yake. Katika ajali ya Tenerife ya Machi 27, 1977, iliyoua watu 583, nahodha wa ndege ya KLM aliyeanza kukimbia bila ruhusa ya kupaa alikuwa raia, tena mwalimu wa vyeo vya juu katika shirika lake. Mhandisi wake aliuliza kama njia ilikuwa wazi, na shaka yake ikapuuzwa. Ndiyo sababu, kuanzia warsha ya NASA ya mwaka wa 1979, marubani walianza kufundishwa rasmi kusikilizana, kuulizana na kupingana kwa heshima.

Wakenya wana kumbukumbu yao chungu. Mnamo Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, safari nambari 507, ilianguka punde baada ya kupaa kutoka Douala, Cameroon, na watu wote 114 waliokuwamo wakaangamia. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa 2010 ilieleza kuwa rubani alipoteza mwelekeo gizani, na ikataja udhaifu wa ushirikiano kati ya wawili waliokuwa usukani.

Kwa hivyo, anayetaka kumpeleka afisa mstaafu darasani hana budi kuuliza swali moja gumu. Je, afisa huyo anaweza kumfundisha kijana wa miaka 20 kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea, na akakubali kuambiwa hivyo yeye mwenyewe? Asipoweza, saa zake zote za angani zitazaa marubani waoga.

Hali ya Afrika Mashariki

Eneo hili liliwahi kuwa na dira ya pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, mwaka wa 1971, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Jumuiya ilipovunjika 1977, chuo hicho kilibaki mikononi mwa Uganda na dira hiyo ikafifia. Jumuiya mpya, iliyozaliwa kwa mkataba wa 1999, iliunda mwaka wa 2007 wakala wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe. Wakala huo umesaidia kulinganisha kanuni za nchi wanachama, lakini kanuni hazifundishi bila walimu.

Nchini Kenya, chuo cha usafiri wa angani cha Embakasi, kilicho chini ya mamlaka ya KCAA, kinajulikana zaidi kwa mafunzo ya waongozaji ndege na mafundi. Urubani wenyewe hufundishwa na shule za kibinafsi, nyingi zikiwa Wilson, kwa karo ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu. Vyuo vikuu vya umma navyo vimeanza kufundisha uhandisi wa ndege.

Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa Juni 1, 1964. Safari yake haikuwa laini. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lilivunjwa na kuundwa upya chini ya uangalizi wa karibu, na halikurejeshewa jina na hadhi yake hadi 1994. Historia hiyo iliwafanya raia wengi wamtazame mwanahewa kwa jicho la siasa badala ya jicho la elimu.

Ilhali ualimu umekuwa sehemu ya maisha ya maafisa wake. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta Elgeyo Marakwet mnamo Aprili 18, 2024 pamoja na wanajeshi wengine 9, alifunzwa urubani wa ndege za kivita Marekani, kisha akawa mkufunzi wa marubani nyumbani. Alisomea pia Chuo Kikuu cha Nairobi. Taifa lilipomwomboleza lilizungumzia vyeo vyake. Ni wachache waliotaja kwamba, pamoja na vyeo hivyo, lilikuwa limempoteza mwalimu.

Mwaka wa 2021 Kenya ilipiga hatua kubwa pale Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi kilipopewa hati ya kutoa shahada, kikiviweka vyuo vya kijeshi chini ya mwavuli mmoja. Afisa anaweza kusoma na kufundisha katika mfumo unaotambuliwa na wasomi wa kiraia.

Lakini pengo bado lipo. Mnamo 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ilitaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu na kuvipa vyuo miaka 5 kutimiza sharti hilo. Nia ilikuwa njema, kwani viwango vya ufundishaji vilikuwa vimeshuka. Katika taaluma za vitendo, hata hivyo, kanuni ya namna hiyo huleta ugumu. Rubani aliyeruka maelfu ya saa na kufunza makumi ya wengine hana uzamifu, na mwenye uzamifu huenda hajawahi kushika usukani.

Embry-Riddle ya Hunt haikulitatua tatizo kama hilo kwa kulegeza viwango. Ilikubali kupimwa na wasomi na, wakati huohuo, ikampelekea mwanajeshi masomo ya shahada hadi kambini kwake. Kenya inaweza kufanya vivyo hivyo: kumwanzishia rubani masomo ya uzamili miaka kadhaa kabla ya kustaafu, kumpitisha katika kozi ya ualimu na mitihani ya leseni angali kazini, na kuwa na ngazi ya mhadhiri wa vitendo inayopimwa kwa ujuzi uliothibitishwa.

Umri nao si kisingizio. Kikomo cha miaka 65 kilichowekwa na ICAO kinawahusu marubani wa safari za kibiashara za kimataifa. Hakimzuii mtu kusimama mbele ya ubao, wala kukaa nyuma ya mwanafunzi katika mtambo wa kuigiza urukaji.

Nafasi za uongozi zinahitaji tahadhari zaidi. Kumteua jenerali mstaafu kusimamia chuo kama zawadi ya utumishi mwema ni kumkosea yeye na chuo pia. Seneti ya chuo hupiga kura. Wahadhiri hugoma. Wanafunzi huandamana. Bajeti hucheleweshwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotatuliwa kwa sauti ya gwaride. Hunt alifaulu kwa sababu alianza na shule ndogo yenye shida kubwa, akakaa miaka mingi, na akajifunza kazi ya kubembeleza, kupanga na kungoja.

Wahenga walinena kuwa cheo ni dhamana. Elimu aliyopewa rubani kwa fedha za umma ni dhamana kubwa zaidi, kwa sababu cheo hukoma siku ya kustaafu, nao ujuzi hubaki na mwenyewe hadi aurithishe au aingie nao kaburini. Iwapo serikali, vyuo vikuu na jeshi havitatengeneza njia ya kuurithisha, Kenya itaendelea kulipia darasa lilelile mara mbili: kwanza kumfunza rubani wake, kisha kumlipa mgeni aje kuwafunza watoto wake.